Ufukwe Usio na Migomba

Damari wa Mwanjelwa aliuza samaki wa ziwa ambalo hakuwahi kuliona. Kila siku ya soko alitandika gunia lake pembeni mwa wauza viazi, akamwaga usipa mkavu, dagaa wa Ziwa Nyasa, ukawa kichuguu kinachong'aa, kisha akakaa nyuma yake amejitanda shuka mpaka kidevuni, maana baridi ya Mbeya haina adabu hata kwa mfanyabiashara. Mteja akiuliza kama samaki ni wazuri, alijibiwa, "Wanakutazama kwa macho yote mawili. Wewe utawatazama kwa mdomo lini?"

Sekela, rafiki yake na mpinzani wake, alitandika gunia lake hatua chache tu kutoka pale, na kazi yake ya pili baada ya kuuza ilikuwa kumchokoza.

"We mama, hilo ziwa lina rangi gani?"

"Muulize usipa."

"Usipa umeshakufa."

"Basi ngoja na wewe ufe, mtakutana, atakwambia."

Watu wakacheka. Damari naye akacheka, ila cheko lake liliishia kwenye meno. Ziwa Nyasa lilikuwa chini kule, siku moja tu kwa lori, na hakuna aliyemkataza kuliona isipokuwa mtu mmoja ambaye hakuwahi kumwambia neno hata moja: baba mkwe wake, Mzee Andendekisye wa Ikulilo.

Hapa asiye Mnyakyusa aelezwe kidogo. Mwanamke akishaolewa hamwoni baba mkwe wake. Si kwamba anamwinamia, au anamsalimia kwa mbali. Hamwoni kabisa, wala hataji jina lake. Akimsikia anakohoa njiani, mwanamke hutupa kuni, hutupa mtungi, huingia migombani na kujikunyata humo mpaka mzee apite. Mzee naye, kama ni mtu wa heshima, hukohoa mapema. Ni desturi iliyotungwa na watu wenye migomba mingi. Kule Rungwe mgomba uko kila mahali, mwanamke hakosi pa kujichomeka. Ndoa zimedumu, migomba imestawi, na vikohozi vya wazee havijawahi kutibiwa.

Damari alikimbia vizuri tu alipokuwa bibi harusi, kila mzee huyo alipopanda kutoka Ikulilo kuwatembelea. Mumewe Anania alipokwenda kuchimba dhahabu Johanisbagi, aliendelea kukimbia kwa niaba ya wote wawili. Kisha mama mkwe akaomba mtoto wa kwanza akalelewe Ikulilo, kama ilivyo kawaida: mtoto ale samaki wabichi, ajue ukoo wake. Damari akamfunga Yotamu mgongoni mwa shangazi yake, akamuaga barabarani. Yotamu alikuwa ameanza kusema maneno mawili, na yote mawili yalikuwa "sitaki".

Masika yaliyofuata homa ikampitia. Habari zilipofika Mwanjelwa mtoto alikuwa keshazikwa. Damari akafunga kitambaa kichwani, akashuka mpaka Tukuyu kwa miguu na kwa lori la chai, na hapo ndugu wa mumewe wakamzuia.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwona mwanangu."

"Mkweo yuko pale kaburini asubuhi na jioni. Utapita wapi? Kule ni mchanga mtupu, hakuna hata mgomba wa kujifichia. Rudi, matanga utayakalia kwa mama yako."

Akarudi. Alilia kwa mama yake, mbali na kaburi, kama mtu anayeimba wimbo akiwa nyumba ya jirani. Mama mkwe naye akafa baadaye, Anania akaongeza mkataba, miaka ikapita. Na kila gunia la usipa lililopanda kutoka ziwani Damari alilifungua mwenyewe, akapitisha mkono ndani taratibu kabla ya kupanga bei. Sekela aliliona hilo, na hilo peke yake hakuwahi kulifanyia mzaha.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini kanisa likatangaza jubilei. Ilikuwa imetimia miaka sitini tangu wamisionari wa kwanza waliofika upande ule watie mguu Ikulilo, na kijiji hicho cha wavuvi, pamoja na nyumba zake za mianzi na wafinyanzi wake, kilikuwa kimepata sifa kubwa kiasi kwamba Wazungu walikwenda kukipiga picha. Zaidi ya hayo, ufukweni kulikuwa na kumbukumbu takatifu: omo, yaani ncha ya mbele, la mtumbwi uleule uliowaleta wamisionari, limesimikwa wima mchangani, limezungushiwa ua na kupakwa chokaa kila mwaka. Kwaya ya Mbeya ingekwenda kuimba mbele yake. Kisha omo lingeng'olewa, lipakiwe kwenye lori, lipelekwe Mbeya likae ndani ya kanisa jipya, ambako fundi alikuwa keshaacha shimo ukutani kwa ajili yake.

Mpango wote aliachiwa Mwinjilisti Filemoni, Mbena aliyelelewa Ipogolo kule Iringa, kijana wa kola nyeupe na kalamu mbili mfukoni. Wazee wa Kinyakyusa walimwachia kwa sababu alijua kupiga taipu. Filemoni akapanga saa ya sala, saa ya chai, saa ya picha na saa ya kung'oa. Saa ya kujificha hakuipanga, maana kwao Ubena hajui mtu kujificha ila anayedaiwa.

Alipofika kwenye majina ya kwaya, mbele ya mkutano wa kanisa, mzee mmoja akakohoa.

"Mama Damari atabaki."

"Mama Damari ndiye anaanzisha nyimbo zote," Filemoni akasema. "Akibaki yeye, tutaanza kama lori lisilo na betri."

"Mkwewe ndiye mwenyeji wetu. Ndiye anayesimulia habari za wamisionari. Atawatembeza wageni kijiji kizima."

Damari akasimama. Katika mkutano ule wanawake walikuwa wakisimama kuleta chai tu, kwa hiyo wazee wawili walinyoosha vikombe.

"Miaka sitini mmetuambia wote ni ndugu katika Bwana," akasema. "Mkwe wangu naye amebatizwa. Huyu ndugu yangu katika Bwana, mbona kila nikimwona natakiwa kulala kichakani?"

"Desturi ni desturi, mama."

"Na Injili ni nini, hali ya hewa?"

Mchungaji akaangalia dari. Mchungaji huyo alikuwa na wakwe watatu wa kike, na kila Jumapili alipotoka kanisani alikohoa kama mtu mwenye kifua kikuu, ingawa mahubiri yake juu ya kuacha mila za giza yalikuwa motomoto. Mwishowe ikaamuliwa hivi: Damari aende, aimbe, lakini muda wote afunikwe blanketi, na wanawake wawili wamshike mikono. Yaani atazuru kijiji kizuri kuliko vyote akiwa kama mzigo wa pamba.

"Nakubali," Damari akasema, kwa upole ambao ungemtia shaka mtu yeyote anayemjua. Sekela, aliyemjua, akaziba mdomo kwa kanga.

Lori likashuka. Baridi ikabaki juu Mbeya, joto likaanza kupanda nalo ndani ya lori kama abiria asiyelipa. Tukuyu wakavua makoti, chini zaidi wakavua viatu, na walipofika kwenye mchanga wa ziwa gurudumu likazama, ikabidi kwaya nzima ishuke kusukuma huku ikiimba haleluya isiyo na unyenyekevu hata kidogo. Damari alisukuma akiwa na blanketi kichwani. Haoni kitu, jasho linamtiririka, na kwenye pindo la blanketi ameona kitu kimoja tu: maji. Kipande kidogo, upana wa kiganja, cha rangi ambayo hakuwa na jina lake.

"Sekela," akanong'ona. "Nimeliona."

"La rangi gani?"

"Nyamaza. Sijamaliza kuangalia."

Ikulilo ilikuwa nzuri kama walivyosema. Nyumba za mianzi zilizosukwa kama vikapu, wanawake wa Kikisi wakizunguka vyungu vyao badala ya kuzungusha vyungu, mlima nyuma umesimama wima kama mtu aliyekatazwa kukaa, na samaki wametandazwa juani mpaka mchanga ukameta. Wageni walipokelewa kwa uji wa mchele na ndizi. Bwana mmoja Mzungu mwenye kamera, aliyetumwa na ofisi ya habari, alipiga picha kila kitu, pamoja na uji.

Damari aliambiwa akae nyuma ya lori mpaka saa ya kuimba. Akakaa. Wanawake wawili waliomshika mikono wakasikia harufu ya samaki wa kuchoma, wakatazamana, wakamwachia mkono mmoja, kisha wa pili. Sekela akawaambia, "Nendeni tu, mimi nitamlinda." Walipoondoka, Sekela akalivuta blanketi, akalikunja vizuri, akalikalia.

"Nenda," akasema. "Wakiniuliza, nitasema nililinda blanketi."

Damari akatembea ufukweni. Upepo ukampiga uso mzima, si kupitia pindo la blanketi. Akasimama mbele ya mfinyanzi mmoja, mama mzee mwenye udongo mpaka kwenye nyusi.

"Mama, shikamoo. Natafuta kaburi la mtoto. Yotamu, mjukuu wa hapa."

Yule mama akamtazama, akatazama ujasiri wake, akaelewa yeye ni nani. "Kaburi hilo mwenyewe ni mkweo, mwanangu. Mimi sina mdomo." Lakini kidevu alikuwa nacho, na kidevu kikaelekea kule mbele, mahali omo la mtumbwi liliposimama jeupe ndani ya ua wake wa matete.

Na kule mbele kulikuwa na mtu. Mzee mrefu, amevaa koti jeusi la jubilei, kofia, na viatu vilivyopigwa rangi, anafuta vumbi kwenye omo kwa ncha ya shati. Akageuka.

Damari hakuwahi kuona uso ule, lakini aliujua. Ulikuwa uso wa Anania ulioachwa juani muda mrefu. Ulikuwa pia na masikio ya Yotamu.

Mzee Andendekisye akakohoa.

Kikohozi kile kilikuwa amri. Miguu ya Damari ilikijua kuliko kichwa chake. Iliruka yenyewe, ikatafuta migomba. Hakuna migomba. Mkono mmoja maji, mkono wa pili mchanga mweupe mpaka chini ya mlima, hata kichaka cha kuficha kuku hakipo. Miguu ikarudi chini. Na hapo Damari akaona amechoka. Si kuchoka kwa safari. Kuchoka kwa kukimbia tangu siku alipoolewa.

Mzee akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, kama anayedhani cha kwanza hakikusikika.

"Nimesikia," Damari akasema, akashika kiuno. "Sikimbii."

Tangu Ikulilo iwe Ikulilo jambo hilo halikuwahi kutokea. Mzee akatazama nyuma: wageni wako kwenye chai, lakini wanamwona, na yeye ndiye mwenyeji; kutimka mbio mbele yao ingekuwa aibu ya kusimuliwa mpaka Tukuyu. Akatazama mbele: mkwe. Kumpita bega kwa bega, heri kufa. Akatazama kulia, mchanga. Basi akageukia kushoto, akavuta pumzi, akaingia ziwani.

Aliingia na koti. Aliingia na kofia, na viatu. Maji yakafika magotini, kiunoni, kifuani, na hapo akasimama, amempa mgongo mkwe wake, kofia juu ya maji kama bata aliyestaafu. Kule kwenye chai Mzungu wa kamera akasema kitu kwa furaha, akapiga picha. Inasemekana picha hiyo ilining'inia ofisini kwao muda mrefu, na chini yake imeandikwa kwamba ni mzee wa Nyasa akirudia ahadi za ubatizo wake.

Damari akasogea mpaka kwenye ua wa matete. Alitazama huku na huku. Hakuna kaburi.

Sauti ikatoka majini. Haikumsemesha yeye, maana hilo haliwezekani, ililisemesha ziwa.

"Ewe ziwa," mzee akasema, "hebu mwambie huyo mama aliye nyuma yangu ajifunike, watu wanaona."

"Ewe ziwa," Damari akajibu, "mwambie huyo mzee aliye mbele yangu kwamba nimekuja kumwona mwanangu. Nikishamwona nitajifunika hata gunia. Nisipomwona, leo atalala humo na mamba."

Ziwa likafikisha.

"Ziwa, mwambie asitafute mbali. Ameegemea ua wa mwanawe. Yuko chini ya mtumbwi."

"Chini ya mtumbwi wa wamisionari?" Damari alisahau kulipitisha kwa ziwa.

"Ziwa, mwambie wamisionari mimi sikuwaona. Siku waliyofika nilikuwa mlimani natafuta asali. Mtumbwi ni wangu. Nilikuwa nikimpakia yule mtoto humo, anakaa mbele kabisa, pale kwenye omo, anapigia kelele ndege. Nikimwambia turudi, anasema 'sitaki'." Akairekebisha kofia. "Alipozikwa, mvua ilikuwa inasawazisha mchanga kila usiku, asubuhi sijui yuko wapi. Nikaukata mtumbwi, nikausimika hapo. Halafu watu wakataka kuupasua kuni. Nikawaambia, mkome, huu uliileta Injili. Tangu hapo hawakuugusa. Wakaweka ua. Wakaleta chokaa. Wakaanza kuja kuimba. Ningefanyaje, ziwa? Nikaona mtoto anaimbiwa, nikanyamaza."

Damari akainama, akashika mti ule mweupe. Mbele kabisa, ndani ya mdomo wa omo, pale ambapo chokaa haikufika, mbao ilikuwa na alama ndogondogo za meno ya mtoto anayeota meno.

Alikuwa bado ameinama hivyo waliposogea: Filemoni mbele na saa mkononi, mchungaji, wazee, kwaya, na vijana wawili wenye majembe.

"Mama Damari!" Filemoni akashtuka. "Blanketi lako liko wapi? Na mzee wetu anafanya nini majini? Sasa hivi ni saa ya kung'oa."

Damari akaingia ndani ya ua, akaketi, akauegemeza mgongo kwenye omo, akanyoosha miguu.

"Hang'olewi mtu hapa."

"Mama, hii ni historia ya kanisa."

"Huyu ni mwanangu Yotamu. Mwenye jembe na aanzie kwangu."

Vijana wakashusha majembe. Wazee wakaanza kusema wote kwa pamoja: mwanamke kapagawa, joto limempanda kichwani, mchana kweupe uso wazi, wapi mumewe. Mchungaji akanyanyua mkono. "Mama, Mzee Andendekisye mwenyewe ametusimulia kila mwaka habari za mtumbwi huu. Unataka kusema mkweo ni mwongo?"

Hapo palikuwa pagumu. Kutaja aliyosimuliwa na ziwa ni kumvua nguo mzee mbele ya watu wake. Kunyamaza ni kumwacha Yotamu apakiwe kwenye lori. Damari akakaza mgongo.

"Mimi sijui hadithi za mtu yeyote," akasema. "Najua nilipokaa. Na sitoki."

Kisha kule ziwani kofia ikageuka. Mzee Andendekisye, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akageuza uso upande alipo mkwe wake. Alifumba macho, ni kweli. Desturi haifi siku moja. Lakini alipaza sauti mpaka wafinyanzi wakaacha vyungu.

"Mama Yotamu amesema kweli! Mimi ndiye niliyedanganya! Mwacheni mama akae na mwanawe!"

Filemoni akatazama karatasi yake. Hakuna saa yoyote iliyoandikwa jambo hilo.

"Sasa," akasema polepole, "ukutani kule Mbeya kuna shimo."

"Ufukwe umejaa mitumbwi mibovu," Damari akamwambia. "Chukueni mmoja, njia ni ndefu, historia mtaupatia humo humo ndani ya lori."

Mchungaji alikasirika vibaya sana. Alisema hayo ni matusi kwa watumishi wa Bwana, na kwamba jambo hilo litafika mbele ya baraza. Kisha akawatuma vijana wawili kimyakimya wakaangalie mtumbwi ulio nyuma ya banda la samaki, kama si mzito sana.

Sekela ndiye aliyekuja na blanketi. Hakumfunika rafiki yake. Alilitandika mchangani, akaketi kando yake. Damari akafungua mdomo, na haukutoka wimbo wa jubilei. Ulitoka ule wa msiba, wa Kinyakyusa, ambao alikuwa ameuimba nyumbani kwa mama yake miaka yote ile iliyopita, mbali na anayeimbiwa. Wanawake wa Ikulilo wakausikia, wakaja na mikono ya udongo, wakaingia, wakalia kilio kilichochelewa mpaka kikaiva. Wazee wa kanisa walisimama wakishika kofia zao, hawajui kama wakemee au wavue. Mzee Andendekisye alibaki majini mpaka mwisho. Kama naye alilia, hakuna anayejua, maana alikuwa amelowa kila mahali.

Jioni lori likaondoka na mtumbwi mbovu juu yake. Damari alisimama nyuma uso wazi, analitazama ziwa mpaka lori lilipokata kona, ikabaki milima tu.

Baraza lilimsimamisha kwaya kwa muda. Akatumia muda huo kuuza samaki. Sekela alipomuuliza tena mbele ya wateja ziwa lina rangi gani, alijibu, "Lina rangi ya koti jeusi likilowa," na hakuna aliyeelewa isipokuwa wao wawili, wakacheka mpaka usipa ukamwagika.

Mwaka uliofuata alishuka peke yake, bila kwaya wala ruhusa ya mtu. Watu wa Ikulilo wanasema vumbi la lori lilipoonekana tu kwa mbali, Mzee Andendekisye aliweka chini brashi ya chokaa, akakaa kando ya maji, akaanza kuvua viatu.